Mshale Uliopanda Wenyewe

Wasomaji wapenzi, katika kurasa hizi mmezoea kupata habari za ndoa, za mashamba, za malezi ya watoto na za safari za mbali. Leo twaomba ruhusa yenu tuwaletee habari ya kitu kidogo cha shaba, chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, ambacho wengi wenu mmekiona kwa fundi wa chuma bila kuuliza jina lake. Mafundi wetu wa Kivu wanakiita detanderi, kwa kufuata Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema regyuleta. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya gesi itokayo mtungini, ili mkono wa mtu uweze kuitumia. Kitu hicho kilitufundisha somo ambalo miaka yetu ya seminari haikutuingiza vema kichwani, nasi tulilipata kwa aibu. Ndiyo sababu tunaliandika.

Makao yetu ni Miti, kaskazini ya Bukavu, mwendo wa kilomita 30 hivi. Hapo barabara inagawanyika: moja yaendelea Kavumu na Katana, ng'ambo ya kulia ikiwa Ziwa Kivu, ya pili yapanda msitu wa Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri hata Walikale. Malori yanayotoka msituni hufika kwetu yakiwa yamevunjika mbavu, na kwa hiyo kazi ya chuma haikosekani. Sisi tunaoandika maneno haya ni katekista. Tulikaa seminarini miaka kadhaa, tukajifunza Kilatini na falsafa, kisha tukatambua kwamba wito wetu ni mwingine. Tukafunga ndoa, tukarudi nyumbani, tukapewa kazi ya kufundisha dini. Asubuhi na jioni tuna wanafunzi wa ubatizo na wa kipaimara. Saa za katikati tunakaa na vijana tisa katika karakana ndogo, tunawafundisha kukata chuma na kulehemu, ili wapate chakula chao kwa mikono yao.

Umeme wa mto Ruzizi siku fulani hutufikia, siku nyingine hautufikii. Kwa hiyo tunalehemu zaidi kwa gesi mbili, yaani oksijeni na asetilini. Namna hiyo ya kazi si ya jana. Ilianzishwa na Wafaransa wawili, Edmond Fouché na Charles Picard, mwaka 1903, na hata leo fundi asiye na umeme wa hakika anawashukuru.

Basi, mwaka 2022, mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, detanderi yetu ya oksijeni ilikufa. Skurubu yake ilizunguka bure, na kioo cha kipimo kilikuwa kimepasuka tangu zamani. Wakati huo tulikuwa na kazi ambayo haikutaka kungoja. Mama mmoja mlemavu wa miguu, muuza ndizi na maparachichi, alikuwa ametuletea baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono. Uma wa gurudumu la mbele ulikuwa umevunjika. Bila baiskeli hiyo hakuweza kufika sokoni, na asipofika sokoni watoto wake wanne hulala na njaa. Tulimwambia, "Mama, siku tatu tu." Neno la mwalimu ni deni.

Tukashuka Bukavu, tukapanda hadi soko la Kadutu. Detanderi ya kiwanda kile kile kilichotengeneza chombo chetu ilikuwepo, lakini bei yake ilikuwa mara tatu ya fedha tulizokuwa nazo mfukoni. Muuzaji mwingine akatutolea nyingine, ya kiwanda kingine, mpya, inang'aa. Akasema, "Mwalimu, usiogope, hii inaingia popote." Tukatazama: iliandikwa oksijeni; meno yake yalishika vizuri kwenye kipande cha mfano tulichobeba; kipimo chake cha kwanza kilifika namba kubwa kupita nguvu ya mtungi wetu. Tukalipa. Kisha tukaitia kikapuni, mdomo wazi, pamoja na misumari na misumeno ya chuma tuliyonunua siku ile, tukapanda gari kurudi Miti. Kikumbukeni kikapu hicho, maana tutakirudia.

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, kwa kuwa asiyejua hataona kosa letu lilikuwa wapi.

Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na nguvu ya bari 150 hivi, na mingine hufika 200. Gurudumu la gari dogo lina bari 2 na kidogo tu. Bari 150 maana yake ni kwamba mahali padogo kama ukucha wa kidole kidogo pasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa gunia moja na nusu la kilo mia. Nguvu hiyo yote imesimama nyuma ya valvu moja. Lakini fundi wa kulehemu anahitaji bari 2 au 3 za oksijeni, na asetilini chini ya bari moja. Asetilini ni hatari zaidi: ikipita bari 1.5 katika mpira yaweza kulipuka yenyewe bila moto. Basi ni nani atakayesimama kati ya mtungi na mkono wa fundi? Ni detanderi.

Ndani yake mna vyumba viwili. Chumba cha kwanza hupokea nguvu yote ya mtungi. Kati yake na chumba cha pili mna kitundu chembamba, na kitundu hicho kina kizibo. Chumba cha pili kimefunikwa kwa kiwambo kinachonepa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo mna springi, na nyuma ya springi mna skurubu inayozungushwa kwa mkono. Ukikaza skurubu, springi husukuma kiwambo, kiwambo husukuma kizibo, kitundu hufunguka na gesi hupita. Gesi ikijaa chumba cha pili, yenyewe hurudisha kiwambo nyuma, na kizibo hufunga. Gesi ikitumika, kiwambo hurudi, kitundu hufunguka tena. Ndivyo gesi inavyojipima yenyewe mfululizo. Wageni wa kazi hii hukosea hapa, maana wamezoea bomba la maji: kwenye detanderi kukaza ni kufungua, na kulegeza ni kufunga.

Watu wa nchi nyingi wamekitumia chombo hiki kwa kazi nyingi. Mwaka 1889 Johann Heinrich Dräger, katika mji wa Lübeck huko Ujerumani, alianza kuuza valvu ya kupunguza nguvu ya gesi ya mitungi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusukuma bia kutoka mapipani kwa utaratibu. Mwaka 1943 Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan waliunda chombo cha namna hiyo kwa wapiga mbizi, na Gagnan alikuwa amekitoa katika magari yaliyotembea kwa gesi wakati petroli ilipokosekana kwa sababu ya vita. Hata michezo inakitumia. Katika michezo ya Olimpiki, tangu Seoul mwaka 1988, wako washindani wa bastola ya upepo wanaolenga shabaha mita 10 mbele yao, na duara ya katikati ina upana wa milimita 11.5 tu. Upepo wa bastola hiyo hujazwa hata bari 200. Kila risasi ikitoka, upepo wa mtungi wake mdogo hupungua. Bila kizuizi, risasi ya kwanza ingekimbia kwa mwendo mmoja na ya hamsini kwa mwendo mwingine, na mpigaji angelaumu mkono wake bure. Kwa hiyo ndani yake mna detanderi nyembamba kama kidole, ili kila risasi ipate pumzi sawa na mwenzake.

Wako pia watu wenye bastola za upepo ambazo hazikuundwa na kifaa hicho. Hao hununua detanderi ya fundi mwingine, wakaitia wenyewe. Amri zao ni kama zetu: kumaliza upepo wote kabla ya kufungua chombo, kutotia mafuta ya mashine, kuzungusha skurubu kidogo kidogo kama robo ya mzunguko, na kupima mwendo wa risasi baada ya kila badiliko. Nasi tunaokaa ukingoni mwa hifadhi ya Kahuzi-Biega tuna mfano wa karibu zaidi. Madaktari wa wanyama wakitaka kumtibu gorila aliyenaswa na mtego, humpiga sindano ya usingizi kwa bunduki ya upepo. Kwanza hukadiria umbali, kisha hurekebisha nguvu ya upepo. Ikiwa kidogo, sindano huanguka njiani; ikizidi, sindano humjeruhi yule wanayetaka kumponya. Neno hilo, wapenzi, ndilo lililotupata sisi, ijapokuwa hatukushika bunduki.

Asubuhi ya kesho yake tuliwakusanya vijana wote wajifunze jinsi ya kufunga detanderi mpya. Tulinawa mikono kwa sabuni. Tukausimamisha mtungi wima, tukaufunga kwa mnyororo ukutani. Tukafungua valvu yake kidogo, mara moja, ili pumzi ipeperushe vumbi la mdomoni, tukaifunga tena. Tukageuka kuchukua detanderi, kumbe kijana mmoja ameshaishika. Alikuwa na miaka 17, mwana wa mjane, mtu wa maneno machache na macho makali kuliko sisi sote. Katika mkono wa pili alikuwa na kikopo cha mafuta ya mawese, na kidole chake kilikuwa karibu kupaka meno ya shaba, ili yaingie laini.

Tulipiga kelele. Tulimpokonya detanderi, tukamwita mpumbavu mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba mtu asiye na akili kama yeye angetuua sote, asiguse kitu tena, wala asifungue kinywa mpaka aulizwe. Wenzake wakacheka, kama vijana wanavyocheka wakifurahi kwamba kimemwangukia mwingine. Yeye akaweka kikopo chini, akaenda kusimama pembeni karibu na dirisha.

Juu ya mafuta tulikuwa na haki. Katika oksijeni tupu yenye nguvu kubwa, mafuta yaweza kuwaka bila kiberiti. Valvu ikifunguliwa ghafula, gesi hujisonga na kupata joto kali, na tone dogo la mafuta latosha kuanzisha moto unaokula hata shaba yenyewe. Kila fundi wa gesi apaswa kulijua jambo hili kama ajuavyo jina la baba yake. Lakini je, tulikuwa tumewafundisha? La. Miezi mitano tuliwaambia mafuta ni rafiki wa chuma: tia mafuta kwenye bawaba, tia mafuta kwenye mnyororo, tia mafuta kwenye meno ya skurubu. Hatukusema hata mara moja kwamba kwenye oksijeni rafiki huyo hugeuka adui. Kijana alifanya kwa utii kile tulichomfundisha, nasi tukamwaibisha kwa kile tulichosahau kumfundisha. Wakati ule hatukuliona hilo. Tulidhani hasira yetu ni bidii ya kazi.

Tukaendelea. Tukafunga detanderi kwa mkono kwanza, kisha kwa ufunguo, pasipo kutumia mabavu. Tukalegeza skurubu yake mpaka ikawa huru. Tukasimama kando, si mbele ya vipimo, maana kioo kikipasuka huruka mbele. Tukafungua valvu ya mtungi polepole. Mshale wa kipimo cha kwanza ukapanda, ukasimama karibu na 140. Tukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Hapakutoka kiputo hata kimoja. Tukaunganisha mpira, tukaufungua mwanya wa chombo cha kulehemia, tukakaza skurubu mpaka mshale wa kipimo cha pili ukasimama kwenye 2 huku gesi ikipita. Tukafunga chombo. Vijana wakapiga makofi. Kengele ya adhuhuri ikalia, tukasali Malaika wa Bwana, tukawaambia, "Twendeni tule, tutalehemu baada ya chakula." Tulikuwa na njaa na majivuno. Hatukufunga valvu ya mtungi.

Hatujamaliza ugali wetu, mlio mkubwa ukasikika karakanani. Ninyi mnaokaa Kivu mnajua mlio kama huo unafanya nini mioyoni mwetu. Kina mama waliwavuta watoto ndani. Wanaume walilala chini kandokando ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani aliiangusha, akakimbilia mgombani. Dakika kadhaa hapakuwa na mtu barabarani Miti. Sisi tulikimbia karakanani, kwa kuwa tulijua si bunduki.

Mpira wa oksijeni ulikuwa umepasuka karibu na ungio lake. Ulikuwa unajipiga huku na huku kama nyoka, ukivuma. Tukafunga valvu ya mtungi. Ndipo tulipomwona yule kijana ameketi chini ya dirisha, mkono usoni, damu inapita katikati ya vidole. Hakuwa amekwenda kula pamoja na wenzake. Ncha ya mpira ilimpiga juu ya nyusi. Kama ingeshuka nusu ya kidole, leo angekuwa na jicho moja.

Tulimpeleka kituo cha afya, akashonwa nyuzi nne. Tulipokuwa tumeketi naye kwenye benchi tukingoja, tulimwuliza ilikuwaje. Akanyamaza kwanza. Halafu akasema:

"Mwalimu, niliuona mshale unapanda."

"Mshale upi?"

"Ule wa pili. Mlipotoka ulikuwa kwenye 2. Nikauona uko kwenye 3. Hakuna mtu aliyegusa skurubu. Ukafika 5. Ukapita 8."

"Mbona hukuja kutuita? Tulikuwa hatua ishirini tu!"

Akatazama sakafu. "Mwalimu, asubuhi ulisema nisifungue kinywa mpaka niulizwe. Nikadhani labda ndivyo chombo kipya kinavyofanya. Nikasema moyoni, nikienda kusema, nikakuta si kitu, watanicheka tena."

Hatukuwa na jibu. Seminarini tulijifunza hoja za namna nyingi, lakini pale bencheni hapakutupatikana hata moja.

Siku iliyofuata tulichukua ile detanderi kwa mzee mmoja, fundi wa tangu zamani, aliyejifunza kazi yake katika kiwanda cha sukari cha Kiliba. Yeye hafanyi kazi nyingi tena, ila mikono yake ingali inakumbuka. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akafungua chombo kipande kwa kipande, akaviweka kwa mstari. Kisha akatuita kwa kidole.

"Mwalimu, njoo utazame. Ni hiki tu."

Juu ya kizibo, pale kinapokaa kwenye kitundu, palikuwa na chembe ya chuma isiyofikia nusu ya punje ya ulezi. Ilikuwa imejichimbia mahali, na kando yake pana alama kama ya jino. Kwa sababu ya chembe ile kizibo hakikuweza kufunga kabisa. Gesi ilipita kidogo kidogo, haina sauti, ikajaa chumba cha pili, ikajaa mpira, mpaka mpira wetu mzee ukashindwa. Mzee akaonyesha pia mdomo wa kuingilia: kile kichujio kidogo kinachopaswa kuzuia takataka hakikuwamo. Akauliza, "Uliibebaje kutoka mjini?" Tukamwambia habari ya kikapu, misumari na misumeno. Hakucheka. Aliuliza neno moja jingine:

"Ulipomaliza kurekebisha, ulingoja?"

"Tungoje nini, mzee?"

"Ungoje mshale. Ukishapata nguvu unayoitaka, funga chombo cha mbele, gesi isitoke. Mshale utapanda kidogo, hiyo ni kawaida. Usimame ukitazama robo saa. Ukitulia pale pale, chombo ni kizima. Ukizidi kupanda bila kuguswa, chombo ni kigonjwa, hata kama kinang'aa. Funga mtungi, kiondoe." Akafuta mikono yake, akaongeza: "Kipimo hakisemi uongo, mwalimu, lakini hakina mdomo. Mdomo wake ni yule mtu anayekitazama."

Wale watu wenye bastola za upepo tuliowataja hufanya vivyo hivyo. Hurekebisha, hufunga, halafu huiacha ile detanderi usiku kucha, ili asubuhi waone kama mshale umebaki walipouacha. Wanajua kwamba ugonjwa huu hauonekani wakati wa kazi, gesi inapopita kwa wingi. Huonekana wakati wa utulivu, ambapo hakuna anayegusa kitu na kila mtu ameamini kwamba mambo ni salama.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njiani neno la mzee halikutuacha. Chombo chetu kilikuwa na mdomo. Kilikuwa na mtu mmoja anayekitazama, mwenye macho makali kuliko wote, naye aliona kila kitu kwa wakati wake. Sisi wenyewe tulikuwa tumemziba. Chembe ya chuma ilipasua mpira, kweli. Lakini damu ya kijana ilitokana na hasira ya asubuhi. Nayo hasira ile haikuanza siku ile. Ilikuwa inapanda ndani yetu tangu wiki nzima: deni la detanderi, ahadi ya mama mwenye baiskeli, safari ya Bukavu, fedha zisizotosha. Kila siku kidogo, pasipo sauti. Hatukujitazama, wala hatukumwambia hata mke wetu. Wahenga walisema hasira hasara. Ila sisi tuliona hasira huonekana mwisho, na kabla yake kuna mshale unaopanda muda mrefu.

Mkubwa kumwomba mdogo msamaha hadharani si jambo jepesi kwetu. Tulilala nalo usiku mmoja. Asubuhi tuliwasimamisha vijana wote tisa, yule mmoja akiwa na kitambaa kichwani, tukawaambia mambo matatu. Kwanza, kwamba juu ya mafuta ya mawese kosa lilikuwa letu sisi tuliofundisha nusu. Pili, kwamba tulimtukana mwenzao bila haki, na kwa kuwa tulimtukana mbele yao, mbele yao tunaomba atusamehe. Tatu, kwamba tangu siku ile karakana ina amri mpya: yeyote, hata aliyefika jana, akiona mshale unasogea au jambo lolote asilolielewa, apige kelele "Mshale!", na kila mtu aache kazi mpaka tujue ni nini.

Kijana alijibu, "Nimesikia, mwalimu." Hakusema zaidi, nasi hatukumdai zaidi. Mtu aliyechomwa ana haki ya kupona kwa mwendo wake.

Mzee alitutengenezea kizibo kipya na kutia kichujio. Tulinunua mpira mpya, tukaukopea fedha. Tulifunga detanderi mara ya pili, tukafanya kila kitu kama mwanzo, halafu tukangoja. Robo saa nzima vijana tisa na mwalimu wao walisimama wakitazama mshale mmoja. Ulipanda kidogo kupita 2, ukasimama, hakuna aliyekohoa. Ndipo tulipompa yule kijana chombo cha moto, akalehemu uma wa baiskeli, polepole, mshono ulionyooka kama kamba ya mwashi. Mama alipata baiskeli yake siku ya nane badala ya siku ya tatu. Akauliza, "Mwalimu, mbona mlichelewa?" Tukamwambia kweli yote. Akatazama kovu la kijana, akampa parachichi mbili, sisi hakutupa kitu. Tuliona amegawa vizuri.

Miezi miwili baadaye, siku ya kazi nyingi, lori likingoja nje na dereva akipiga honi, sauti ilitoka nyuma yetu: "Mshale!" Wote wakaacha. Tukafunga mitungi. Tukatazama: mshale ulikuwa mahali pake, lilikuwa jua la dirishani tu, lililoangukia kioo na kuonekana kama kitu kinachosogea. Aliyepiga kelele ni yule kijana. Dereva akacheka na kutukana. Tulisikia ndani yetu kile kitu cha zamani kinaanza kupanda, twakiri. Tukameza mate. Tukamwambia kijana mbele ya dereva, "Asante. Na kesho ukiona tena, sema tena."

Wasomaji wapenzi, wenye kufanya kazi ya gesi miongoni mwenu, shikeni maneno haya. Msinunue detanderi kwa kuwa inaingia. Nunueni kwa kuwa imeandikwa gesi yenu na nguvu yenu, na kichujio chake kimo. Mziibe midomo yake njiani. Msipake mafuta ya namna yoyote kwenye oksijeni. Legezeni skurubu kabla ya kufungua mtungi, fungueni polepole, simameni kando. Mkimaliza kurekebisha, fungeni mngoje. Mkiondoka, hata kwa dakika tano, fungeni mtungi. Na chombo kikiwa kigonjwa, apelekewe fundi anayekijua, msikichokoe wenyewe.

Nanyi msio na kazi ya gesi, mlio na watoto, wanafunzi, wake au waume, hamkukosa sehemu yenu. Nyumbani mwenu yuko mtu mwenye macho makali anayeuona mshale unapanda. Mwulizeni leo ameona nini, kisha mnyamaze, mmsikilize mpaka amalize.